NILIWAFUATA SAMURAI, NIKAMKUTA PAZI KISARAWE

Kama wewe ni mtu wa kupanda daladala kwenda Kibaha, basi ile Hiace ninayotaka kukusimulia umeshaiona, na kama hujaiona yenyewe umeona dada yake. Ubavuni ina maandishi ya Kijapani, makubwa, mekundu, na hakuna aliyejisumbua kuyafuta tangu gari lishuke melini. Nikamuuliza kondakta yameandikwa nini. Akanitazama juu mpaka chini, akasema: "Yameandikwa nauli kwanza, stori baadaye." Abiria hoi kwa kicheko, mi nikatoa nauli kimya kimya.

Sikuuliza kwa uchokozi. Wiki nzima nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, tunaangalia tamthilia ya Shogun, ile iliyotoka mwaka 2024, na jamaa anatutafsiria kwa Kiswahili cha kijiweni. We acha tu! Mabwana wa Kijapani, kila mmoja na ngome yake, jeshi lake na bendera yake, na watu wanamwinamia mpaka paji la uso linagusa sakafu. Siku moja picha ikiwa imekatika kwa ajili ya umeme, mshikaji mmoja akauliza gizani: "Hivi na sisi huku tulikuwa na mabwana kama hawa, au tulikuwa tumekaa tu chini ya minazi tunamsubiri Mwarabu na Mzungu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu ni Uzaramo, na mama yangu akishakasirika huwa na neno lake moja: "Usinichezee, mimi mtu wa Pazi." Tangu nikiwa mdogo nalisikia, na sikuwahi kumuuliza huyo Pazi ni nani. Nilidhani ni babu fulani mkali.

Sasa wiki hiyo hiyo mjomba akanipigia simu kutoka Kibaha. "Mpwa wangu, njoo haraka, kuna jambo la ukoo." Ndo maana ukanikuta kwenye Hiace ya Wajapani.

CHIPSI MAYAI ZA MAILI MOJA

Kibaha ni mji wa barabarani. Ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini ukimwambia mtu wa Dar es Salaam neno hilo anakumbuka foleni ya malori, wauza korosho na wale vijana wanaokimbia na mahindi ya kuchoma dirishani mwa basi. Wenye umri wao watakutajia pia Shirika la Elimu Kibaha, lile lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordic, likakabidhiwa rasmi kwa serikali yetu mwaka 1970. Watoto wenye akili za kuchemka wamepita pale. Mimi sikupita, tuendelee.

Ila siku hizi ukishuka Maili Moja kitu cha kwanza kukuona ni kibao. Nasema kukuona, maana viko vingi mno: kwenye mti, kwenye nguzo ya umeme, kwenye ukuta wa choo. VIWANJA VINAUZWA. Robo eka, nusu eka, vimepimwa, havijapimwa, piga namba hii. Mji wa Dar umejaa umefurika, na maji yakifurika huelekea bondeni, lakini watu wakifurika huelekea Kibaha na Kisarawe.

Mjomba ana kiduka cha mabati na misumari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mpwa wangu, akaniagizia chipsi mayai na soda ya baridi. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Mjomba huyu namjua, hata maji huwa anasema chota mwenyewe.

"Wewe ndo msomi wetu," akaanza. Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa divisheni ambayo sipendi kuitaja hadharani, lakini kwa mjomba aliyeishia darasa la saba ni profesa. Kisa chenyewe kikawa hiki. Lile shamba la ukoo kule Kisarawe, upande wa barabara ya Maneromango, limepata mteja kutoka mjini. Mteja ana mshiko mkononi, hataki longolongo. Kinachotakiwa ni muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema kwamba wanaukoo wote wamekaa na wameafiki, ukapelekwe serikali ya kijiji. Katibu wa kikao ni mimi.

"Na bibi ameafiki?" nikauliza, chipsi iko nusu njia.

"Bibi ataafiki siku hiyo. Wewe andika tu wote wameafiki. Kalamu si iko mkononi mwako?"

Kisha akainama, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Halafu usisahau wewe ni nani. Sisi Wazaramo ukoo unakwenda kwa mama, mali ya mjomba inamwangukia mpwa. Na sisi hatukuokotwa, sisi ni watu wa Pazi. Siku hiyo kutakuwa na elfu hamsini yako."

Elfu hamsini msomaji wangu! Na soda juu. Nikasema sawa mjomba.

PAZI ALIKUWA NANI?

Kikao kilikuwa Jumapili ya pili yake, kwa hiyo nilikuwa na siku za kuzuga. Nikaona sasa mtu anitume kwa jina la Pazi na mimi nisimjue Pazi, aibu gani hiyo? Nikawauliza wazee wawili watatu, halafu nikaingia Maktaba Kuu pale mjini, sehemu ambayo mara ya mwisho niliingia kukwepa mvua.

Sikiliza mkasa wenyewe unavyosimuliwa. Zamani, kama miaka mia mbili na ushei iliyopita, Dar es Salaam haikuwepo. Palikuwa na vijiji vya wavuvi, Mzizima na Magogoni, na wenyewe walikuwa Washomvi, watu wa pwani, wavuvi na wachemsha chumvi. Basi wakavamiwa na Wakamba, wapiganaji kutoka kaskazini. Washomvi walijua nyavu, vita hawakuvijua. Wakatuma watu bara kumtafuta mwindaji mmoja wa tembo aliyesifika, jina lake Kilama, mtu aliyetoka pande za Ukutu. Akaja na vijana wake, akawatwanga Wakamba, wakatokomea.

Mtu wa bei hakufanya kazi ya bure. Makubaliano yakawa kwamba kila mwaka Washomvi watampa chumvi, nguo na vitu vinavyokuja kwa majahazi. Kilama hakukaa ufukweni, alikaa na watu wake bara, huku kwenye vilima na mabonde ya Uzaramo, na jina la Pazi likawa cheo. Akifa Pazi, anakuja Pazi mwingine. Ukoo wake ukawa ukoo wa mabwana, na mabwana wakazaana, mpaka karibu kila bonde likawa na Pazi wake. Hakuna mfalme mmoja wa Uzaramo aliyewahi kuwaamuru wote. Mzungu Burton alipopita hapa mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba mkuu wa mji anaitwa Pazi, na mshauri wake mkubwa anaitwa Mwene Goha.

Na Burton alilalamika, usiseme! Alilalamika kwa sababu mabwana hao walikuwa na dawa yao ya kutajirika, inaitwa honga. Njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda bara ilipita katikati ya Uzaramo, bonde la mto Ruvu, ambao pwani waliuita Kingani. Ukitaka kupita na mizigo yako, unampa Pazi nguo kadhaa, unaombewa safari njema. Usipompa, unalala hapo hapo mpaka akili ikukae sawa. Kila Pazi na kizuizi chake. Ukivuka kimoja, mbele unakuta kingine.

Ngome hawakuwa nayo, wala panga lililopinda la samurai. Walikuwa na njia.

NA WALE WA UJAPANI JE?

Nikarudi kwa Wajapani wangu maana nilitaka kumjibu yule mshikaji wa kibandani kikamilifu. Shogun alikuwa mkuu wa majeshi, na tangu mwaka 1603 mpaka 1868 cheo hicho kilishikwa na ukoo mmoja tu, Tokugawa. Chini yake walikuwepo mabwana kiasi cha 260, wanaitwa daimyo, kila mmoja na eneo lake. Ukubwa wa bwana haukupimwa kwa eka, ulipimwa kwa mchele. Kipimo chao kinaitwa koku, kama kilo 150 hivi, mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Ardhi yako isipofika koku 10,000 wewe si daimyo, kaa pembeni.

Chukua ukoo mmoja, Shimazu, waliotawala Satsuma kule kusini kabisa kwa karibu miaka 700. Hao walikuwa vigogo. Lakini hata vigogo hao shogun aliwabana kwa ujanja mmoja mtamu. Mwaka 1635 akatoa amri: kila bwana akae mwaka mmoja kwake na mwaka mmoja Edo, mji ambao leo ndio Tokyo. Na mkewe na watoto? Wao wakae Edo moja kwa moja, mateka wa heshima. Sasa fikiria kutoka Satsuma mpaka Edo, zaidi ya kilometa elfu moja, unakwenda na msafara wa mamia kwa mamia ya watu, wapagazi, wapiga mikuki, wapishi, kila kituo unalipa malazi. Pesa ya kununulia bunduki ya kumpindua shogun utaitoa wapi?

Hapo ndo nilipocheka peke yangu maktaba mpaka dada wa kaunta akanikata jicho. Kumbe mambo yamegeuka kama kanzu! Bwana wa Kijapani alikuwa anasafiri na njia inamfilisi. Bwana wa Kizaramo alikuwa amekaa kwake na njia inamlisha.

Mwisho wao nao haukupishana sana. Satsuma walishirikiana na wenzao kumng'oa shogun mwaka 1868, wakidhani wamepona, na mwaka 1871 serikali mpya ikafuta maeneo yote ya mabwana, na lao likiwemo. Huku kwetu Wajerumani walileta maakida na majumbe wao, honga ikafa, njia ikawa ya serikali. Mwaka 1905 jumbe mmoja wa Uzaramo, Kibasila wa Kisangire, aligomea kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na yaliyomkuta ni kitanzi. Wanafunzi wa Sekondari ya Kibasila hapo Dar, jina la shule yenu ndo hilo. Kisha mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu kwa sheria. Mabwana wote wakawa ndugu wananchi.

MPIGA NGOMA

Lakini kuna ukurasa mmoja ulioninyima usingizi, na huo sina budi kukusimulia taratibu.

Mwaka 1845 alikuja kijana mmoja wa Kifaransa, ofisa wa jeshi la majini, anaitwa Maizan, umri wake miaka 26. Alitaka kwenda bara kuyaona maziwa makubwa kabla ya Mzungu mwingine yeyote. Alikuwa na mizigo mingi, mingine ya kung'aa, na ya kung'aa kwenye njia ya Pazi ni balaa. Alipofika mahali panapoitwa Dege la Mhora, Uzaramo hapa hapa, Pazi wa pale aliyeitwa Mazungera alimkamata, akamfunga kwenye mbuyu, akamuua, huku ngoma ya vita inalia.

Wafaransa wakaja juu. Sultani Said wa Unguja akatuma askari wenye bunduki kumkamata Mazungera. Mazungera huyo! Kashaingia porini, hakuna aliyemtia machoni. Askari hawakutaka kurudi mikono mitupu, wakamkamata yule aliyekuwa anapiga ngoma siku ya mauaji. Wakampeleka Unguja, wakasema huyu hapa ndiye Mazungera. Akafungwa mnyororo mbele ya ubalozi wa Ufaransa kama miaka miwili, kisha akahamishiwa ngomeni, amefungwa kwenye mzinga, kajibanda cha makuti ndicho kivuli chake. Burton alimkuta hapo na habari zake akaziandika. Na Burton huyo huyo alipopita Dege la Mhora mwaka 1857 alikutana na Hembe, mtoto wa Mazungera, yuko zake anadunda.

Unaona mambo? Aliyeua hakukamatwa. Mwanawe yuko barabarani anaendelea na ubwana. Aliyefungwa kwenye mzinga ni jamaa ambaye kazi yake ilikuwa ngoma, na hata jina lake kwenye kitabu sikuliona. Alipewa jina la bwana siku ya adhabu tu.

Nilifunga kitabu nikakaa. Nikakumbuka chipsi mayai za Maili Moja. Nikaikumbuka sauti ya mjomba: kalamu si iko mkononi mwako?

KUPANDA KISARAWE

Jumapili ikafika. Kisarawe unakwenda kwa kupitia Gongo la Mboto. Ukishapita Pugu, mji unakuachia ghafla kama mtu aliyekumbuka ana kazi nyingine. Pale Pugu kuna ile shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 akashika siasa moja kwa moja. Pembeni treni ya umeme ya Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inapita kwa kasi utadhani inafukuzwa. Halafu gari linaanza kupanda. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi unakupokea, hewa inageuka, inakuwa ya baridi, yenye harufu ya majani mabichi. Unapita njia ya Minaki, shule nyingine ya siku nyingi. Mji wa Kisarawe wenyewe uko juu kilimani, na ukitazama nyuma siku isiyo na ukungu unaona majengo marefu ya Dar yamesimama kule chini, madogo kama viberiti.

Kondakta wetu alikuwa Mnyamwezi, na alipojua mimi Mzaramo, nilikoma. "Nyie Wazaramo mlikuwa na Dar yote hii! Mmeuza Kariakoo, mmeuza Gongo la Mboto, mmeuza mpaka Chanika, hela mmechezea ngoma ya mwali. Sasa mnakwenda kuuza Kisarawe, baada ya hapo mtauza nini, upepo?"

Gari zima kicheko. Ni mtani wangu, sina pa kumshtaki. Wazee wanasema utani wetu na Wanyamwezi ulianzia huko huko kwenye misafara, wao wamebeba meno ya tembo wanashuka pwani, sisi tuko njiani tunawasubiri. Nikamjibu: "Babu yako alikuwa anampa babu yangu nguo ndo apite hapa." Akasema: "Ndo maana leo nakudai nauli mara mbili, nafidia." Nikalipa mara moja.

Ila neno lake lilinikaa. Utauza nini, upepo?

CHINI YA MWEMBE

Kutoka mjini Kisarawe nikachukua bodaboda. Shamba letu si kubwa kivile: eka sita, mikorosho imezeeka, minazi michache, muhogo, na katikati mwembe mmoja mkubwa kuliko nyumba. Nyuma ya mwembe yako makaburi. Zamani Wazaramo walichonga nguzo za mbao wakazisimika makaburini, nguzo zenye sura ya mtu, na nyingine ziko kwenye makumbusho za Ulaya zimewekewa taa. Sisi hatuna nguzo. Tuna mawe na miti ya ua, na bibi anafagia hapo kila Ijumaa.

"Mume wangu umekuja," bibi akaniambia. Ndivyo anavyoniita. "Umekonda, mke mwenzangu wa mjini hakulishi?"

Nikampigia magoti, nikamwamkia, tukacheka. Nikamuuliza habari za Pazi. Akasema yeye alisimuliwa na bibi yake kwamba Pazi alikuwa na ngoma, na ngoma ile ikilia watu wanaacha majembe wanakwenda kusikiliza. "Wanakwenda kusikiliza nini bibi?" "Kusikiliza wanatakiwa wapi. Pazi haulizi, Pazi anapiga ngoma." Kisha akanitazama. "Leo ngoma anapiga mjomba wako?"

Sikujibu. Watu walikuwa wameshaanza kukaa kwenye mikeka.

Kikao kilifunguliwa kwa dua. Tulikuwa kumi na mmoja. Mjomba akaongea, akaongea vizuri kwa kweli, mimi sitamdhulumu. Alisema mikorosho haizai kama zamani, mashamba ya jirani yameshauzwa pande zote, watoto wana ada, shangazi anahitaji matibabu, na pesa ya mteja itatutoa. Yote yalikuwa kweli. Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa pale na mguu wake umevimba, na hakuna aliyeweza kumtazama akasema hapana. Wakubwa wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza makaburi je? Mjomba akasema mteja ni muungwana, ataruhusu kuzuru. Akauliza mwingine, imeandikwa hiyo? Mjomba akasema muungwana haandikiwi.

Mimi naandika. Kila mtu anasema, naandika.

Mwisho mjomba akamgeukia bibi. "Mama, na wewe unasemaje?"

Bibi alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua uso. Alimenya ule, akaweka kwenye beseni, akachukua mwingine. Tukasubiri. Kuku walikuwa wanaparua chini ya mwembe, mpaka sauti ya kucha zao ikawa inasikika. Bibi hakusema kitu.

"Amenyamaza, ameridhia," mjomba akasema haraka. "Katibu, andika wajumbe wote wameafiki."

Msomaji wangu, sitakudanganya kwamba mimi ni shujaa. Mkono ulikuwa unatetemeka. Elfu hamsini niliiona mbele yangu. Heshima ya mjomba niliiona. Na nilijua siku karatasi ile itakapoleta kasheshe, mjomba atakuwa Kibaha anauza misumari, mteja atakuwa kwenye gari lake la kioo cheusi, na mwandiko utakaosomwa kijijini utakuwa wa nani? Wangu. Jina langu pale chini, KATIBU, na sahihi yenye mikwaruzo.

Nikaandika: Wajumbe kumi wameafiki. Bibi aliulizwa, hakujibu.

Mjomba akaniomba daftari asome. Alisoma polepole, mdomo unacheza. Akasema futa hilo la mwisho. Nikasema mjomba nimeandika kwa kalamu ya wino. Akasema basi chana uandike upya. Nikasema, na sauti ilinitoka ndogo kama ya mtoto: "Mjomba, mimi niliambiwa niandike kikao. Kikao ndo kilikuwa hivyo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikunja lile daftari, akalitia kwapani, akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wakisoma sana wanasahau walikotoka. Wengine wakajifanya wanatafuta ndala zao. Shangazi akanitazama, macho yake yalinichoma kuliko maneno ya mjomba, maana dawa zake nazo zilikuwa ndani ya ile sentensi niliyoikataa.

Basi. Elfu hamsini sikuiona, na lifti ya kurudi Kibaha nayo ikaota mbawa.

Wakati naondoka bibi alinifungia muhogo kwenye mfuko wa rambo, akanisindikiza mpaka njia ya bodaboda. Nilitaka kumuuliza: bibi, kwani ulikuwa hutaki, au ulikuwa unataka? Maana mpaka leo sijui. Nikamuuliza. Akasema: "Nilikuwa namenya muhogo, mume wangu. Mgeni asile?"

NIMERUDI MJINI

Ninavyoandika haya shamba bado halijauzwa. Kijiji kimesema kikao kirudiwe, na safari hii suala la makaburi liandikwe kwenye karatasi kabla ya mtu kusaini. Inawezekana tutauza. Shangazi yangu anahitaji matibabu na mimi si mtu wa kumwambia asubiri historia. Nimeanza kumchangia kidogo kidogo kutoka kwenye malipo ya safu hii, na ukijua wanachotulipa utajua ni kidogo kweli kweli. Ila nikiitwa tena kuwa katibu nitakwenda, na nitaandika vile vile.

Yule mshikaji wa kibandani nilimpelekea jibu lake. Nikamwambia tulikuwa nao mabwana, mwanangu, tena waliwatoza ushuru mpaka Wazungu, na ukitaka kujua walikuwa wapi, panda Hiace ya Kibaha, halafu panda daladala ya Kisarawe, utapita juu ya njia yao. Ukiita Pazi kwenye shule za huko watageuka watoto kadhaa, maana jina limebaki kwenye madaftari ya mahudhurio. Akauliza: "Na ngome zao ziko wapi tukapige picha?" Nikamwambia hakuna ngome. Kuna barabara, kuna makaburi, na kuna vibao vya viwanja.

Akafikiri kidogo, akasema: "Na yule mpiga ngoma alikuja kufunguliwa?"

Nikamwambia hilo ndilo swali la maana aliloniuliza mwaka mzima.

Na wewe je msomaji? Kwenu nako kuna shamba, mwembe, na mjomba mwenye mteja? Niandikie kupitia gazeti hili. Kama una nafasi Jumamosi, jirushe Kisarawe, kapunge ule upepo wa Pugu kabla hatujauuza. Tukutane wiki ijayo!